Node mpya ipo, ya zamani ndiyo inayojibu: kisa cha sheli iliyokariri njia

Saa tatu kasoro usiku ujumbe uliingia: "Kaka, hii seva imenishinda. Nimeweka Node mpya, which inanionyesha iko mahali pake, lakini nikiita node inajibu ya zamani. Nimeangalia mara kumi."

Aliyeandika ni kijana ninayefanya naye kazi, mwangalifu, asiyependa kubahatisha. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo. Seva ya mteja inatumia Ubuntu 22.04, na juu yake inakaa programu iliyoandikwa kwa JavaScript; Node ndiyo inayoiendesha. Node inayopatikana kwenye hazina ya Ubuntu hiyo ni 12.22.9. Waandishi wa programu walikuwa wameanza kutumia alama ya `??`, ambayo Node 12 haiijui, ikikutana nayo inakataa kusoma faili zima. Kwa hiyo ilitakiwa Node ya 20 iwe tayari kabla ya asubuhi.

Nakieleza kisa hiki chote, pamoja na hatua zilizopotea bure, kwa sababu nimeshakutana nacho kwa sura nyingi, na karibu kila mara watu humaliza kwa kufunga terminali na kufungua nyingine. Tatizo linatoweka, kazi inaendelea, na hakuna aliyejua lilitoka wapi. Mwezi ujao linarudi kwa jina la programu nyingine.

Hivi ndivyo skrini yake ilivyokuwa mwanzoni:

```
$ node --version
v12.22.9
$ sudo tar -xJf node-v20.11.0-linux-x64.tar.xz -C /usr/local --strip-components=1
$ which node
/usr/local/bin/node
$ node --version
v12.22.9
```

Amri ya `tar` imefungua kifurushi rasmi cha Node ndani ya `/usr/local`, kwa hiyo Node mpya imekaa `/usr/local/bin/node`, na `which`, amri inayoonyesha programu iko wapi, inasema hivyo hivyo. Ya zamani iko `/usr/bin/node`. PATH, yaani ile orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, kwenye Ubuntu huanza na `/usr/local/sbin`, kisha `/usr/local/bin`, kisha `/usr/sbin`, ndipo ifuate `/usr/bin`. Mpya inatangulia ya zamani. Hakuna alichokosea.

Dhana yake ya kwanza ilikuwa kwamba faili alilopakua lina kasoro. Aliita kwa njia kamili, `/usr/local/bin/node --version`, ikajibu v20.11.0. Dhana hiyo ikafa. Akajaribu `sudo node --version`, yaani kuiita kama root, msimamizi mkuu wa mfumo, nayo ikajibu v20.11.0, na hapo ndipo alipopotea kweli. Ukiona amri inafanya hivi kwako na inafanya vile kwa root, akili inakimbilia ruhusa za mafaili. Nusu saa nzima ilienda kwenye `ls -l`, kulinganisha mwenye faili, kikundi, herufi za rwx, hata ruhusa za folda zenyewe. Zote zilikuwa sawa.

Kisha akafanya kile ambacho kila mtu hushauri: `source ~/.bashrc`, yaani kusoma upya faili la mipangilio ya Bash. Hakuna kilichobadilika. Mwisho akaandika skripti ya mistari miwili yenye `node --version` ndani yake, akaiendesha kwa `bash`. Skripti ikajibu v20.11.0. Ujumbe wake uliofuata niliusoma mara mbili: "Nikiandika mimi napata ya zamani, skripti ikiandika inapata mpya. Maneno ni yale yale."

Ushahidi wote ulikuwa tayari mezani. `which` inaona mpya. `sudo` inaona mpya. Skripti inaona mpya. Kilichobaki kikiona ya zamani ni kimoja tu: ile sheli aliyokuwa ameketi ndani yake tangu mchana. (Nikisema sheli sisemi kituo cha mafuta. Nasema programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali na kuziendesha, na hapa ni Bash.)

Niliingia kwenye seva kwa SSH kutoka nyumbani, nikaandika `node --version`, nikapata v20.11.0. Hapa ndipo wengi wetu tulio wakubwa kazini tunapowaangusha wadogo zetu. Tunasema "kwangu inafanya kazi" tunafunga mazungumzo, na yule mwenzako anabaki akijiona mjinga. Sheli yangu ilikuwa imezaliwa sekunde kumi zilizopita. Yake ilikuwa na saa sita. Ile si seva moja inayotoa majibu mawili kwa swali moja. Ni sheli mbili, zenye kumbukumbu mbili tofauti.

Nikamwomba tushiriki kipindi chake cha tmux, programu inayoruhusu watu wawili kutazama terminali moja, ili nione anachokiona. Kumbe wakati naingia, yeye alikuwa ameamua kumaliza ubishi kwa kuiondoa ya zamani kabisa: `sudo apt remove nodejs`. Sasa skrini ilisema hivi:

```
$ node --version
bash: /usr/bin/node: No such file or directory
```

Utazame mstari huo wa mwisho polepole. Yeye ameandika `node`, neno moja, bila mkwaju (/). Hakuna aliyetaja `/usr/bin`. Bash ingekuwa imetafuta kwenye PATH ikakosa, ingelalamika kuhusu neno lile lile aliloandika: `bash: node: command not found`, au kwa Ubuntu ingekuja na pendekezo la kifurushi cha kusakinisha. Namba ya kosa haikusaidii kutofautisha, maana `echo $?` inatoa 127 kwa hali zote mbili. Kinachotofautisha ni maneno. Ukiona sheli inalalamikia njia kamili ambayo hukuiandika, jua haikutafuta. Ilikuwa inajua pa kwenda tangu awali, ikaenda moja kwa moja, ikakuta pamevunjwa.

Nikamwambia aandike amri mbili:

```
$ type node
node is hashed (/usr/bin/node)
$ hash
hits    command
   7    /usr/bin/node
   1    /usr/bin/bash
   1    /usr/bin/which
   5    /usr/bin/ls
   6    /usr/bin/sudo
```

Jedwali hilo ndilo kisa chote. Unapoandika jina la amri bila mkwaju, Bash huanza kuuliza kama jina hilo ni lakabu (alias), kama ni fanksheni, kama ni amri iliyomo ndani ya Bash yenyewe kama `cd`. Ikiwa si mojawapo, basi ni programu iliyoko kwenye diski, na inabidi ijulikane iko wapi. Kwa PATH ya Ubuntu, kuipata `/usr/bin/node` kunahitaji kuiuliza kerneli, kiini cha mfumo, mara nne: ipo `/usr/local/sbin/node`? Hapana. `/usr/local/bin/node`? Hapana. `/usr/sbin/node`? Hapana. `/usr/bin/node`? Ndiyo. Ikishapata jibu, Bash haitaki kurudia safari hiyo kila mara. Inaliandika jina na njia yake kwenye jedwali lililoko ndani ya kumbukumbu yake, na kuanzia hapo kila ukiandika `node` inachukua njia hiyo bila kutafuta. Safu ya `hits` inahesabu matumizi.

Yule kijana aliita `node --version` mara moja kabla ya kuweka mpya, kwa nia njema kabisa ya kuhakikisha anaanzia wapi. Mara hiyo moja ilitosha. Bash ilikariri `/usr/bin/node`. Node mpya ilipowekwa kwenye folda inayotangulia, Bash haikuwa na sababu ya kuitazama folda hiyo tena. Ni kama mtu aliyezoea kununua mkaa duka la mbali: duka jipya limefunguliwa jirani na nyumba yake, lakini miguu imeshazoea, na hakuna aliyemwambia.

Na jedwali hili ni mali ya sheli moja tu. Haliandikwi kwenye diski, wala halimo kwenye vigezo vya mazingira ambavyo programu hurithi kutoka kwa aliyeziita. PATH hurithiwa, jedwali halirithiwi na programu mpya. Ndiyo maana `which`, ambayo kwenye Ubuntu ni skripti inayoendeshwa pembeni kama programu nyingine yoyote, iliisoma PATH upya, ikasema kweli yake, na kweli hiyo haikuwa na uhusiano na kile Bash ilichokuwa inaenda kufanya. `sudo` nayo ilitafuta yenyewe kwenye orodha yake ya folda. Skripti ilifungua Bash mpya yenye jedwali tupu. Wote walikuwa wakweli. Aliyeulizwa swali lisilo lake ni `which`.

Hapa nina msimamo, na nausema kila ninapofundisha: ukiwa ndani ya Bash, swali la "nikiandika jina hili kitaendeshwa nini?" mpelekee `type`, maana `type` imo ndani ya Bash na inaliona jedwali. `which` inajibu swali jingine.

Dawa ilikuwa mstari mmoja:

```
$ hash -d node
$ node --version
v20.11.0
```

`hash -d` inasahaulisha jina moja. `hash -r` inasahaulisha yote, nayo ndiyo watu wengi huikumbuka. Haina madhara yoyote zaidi ya Bash kuanza kutafuta upya kila amri mara moja. Usiku ule nilipendelea `-d` ili kijana aone kwamba tumegusa jina moja tu na kila kitu kimenyooka. Nilitaka asibaki na wazo kwamba tumefanya usafi wa jumla ukabahatisha.

Bado kulikuwa na swali la `source ~/.bashrc`, na aliliuliza mwenyewe: mbona kwenye laptop yake siku zote inasaidia? Jibu ni kwamba Bash hulifuta jedwali lote pale PATH inapopewa thamani, hata kama ni thamani ile ile. Kwenye laptop yake ameongeza mstari wa `export PATH=...` ndani ya `.bashrc`, kwa hiyo kila akiisoma upya, jedwali linafutika kwa bahati. Faili la `.bashrc` linalokuja na Ubuntu halina mstari huo. Kwenye seva ile faili lilikuwa la asili, PATH haikuguswa, jedwali likabaki. Ushauri uliozoeleka ulikuwa unafanya kazi kwa sababu ambayo waliokuwa wanautoa hawaijui, ndiyo maana ulishindwa siku ulipohitajika.

Kesho yake nilijenga hali ile ile kwenye mashine pepe, ili tuione kabla Node ya zamani haijaondolewa. `type -a` ni nzuri sana kwa hili, kwa kuwa haitazami jedwali bali inapita PATH yote:

```
$ type -a node
node is /usr/local/bin/node
node is /usr/bin/node
node is /bin/node
$ hash -t node
/usr/bin/node
```

Mstari wa tatu usikutishe. Kwenye Ubuntu ya siku hizi `/bin` ni kiungo tu kinachoelekea `/usr/bin`. Cha kutazama ni kwamba mstari wa kwanza wa `type -a` haulingani na jibu la `hash -t`, yaani njia iliyokaririwa. Hizo mbili zikitofautiana, umeshika tatizo mkononi.

Kisha tukajaribu `shopt -s checkhash`, kwa kuwa alikuwa ameisoma mahali akaona ndiyo suluhisho la kudumu. Chaguo hili linaiambia Bash kwamba kabla ya kuendesha njia iliyokaririwa, ithibitishe kwanza kama faili bado lipo. Lisipokuwepo, itafute upya. Tuliliwasha Node zote mbili zikiwapo: ikajibu v12.22.9. Tukaiondoa ya zamani: ikajibu v20.11.0 bila kulalamika. Kwa hiyo linatibu nusu moja ya ugonjwa, na kwa maoni yangu ni ile nusu nyepesi. Faili linapokosekana, angalau Bash inapiga kelele, na mtu anajua kuna jambo. Hatari iko kwenye ile hali ya kwanza, ambapo faili la zamani lipo, linafanya kazi, linajibu kwa adabu, na wewe unaamini umeshahamia toleo jipya. Fikiria ingekuwa ni programu iliyorekebishwa tundu la usalama. Unaweka mpya, unaendelea kutumia iliyotobolewa, na hakuna neno la onyo.

Mbona Bash isigundue yenyewe kwamba kuna mpya iliyotangulia? Nimeulizwa swali hili mara nyingi na ni swali zuri. Ili ijue, ingebidi ipite tena folda zote zilizo kabla ya ile iliyokaririwa. Kupita huko ndiko kutafuta kwenyewe, na ndiyo gharama iliyokuwa inakwepwa. Ukithibitisha kila mara, jedwali halina kazi.

Gharama hiyo leo kwenye diski ya ndani ni ndogo mno, kerneli yenyewe inakumbuka majina ya mafaili yaliyoulizwa karibuni. Haikuwa hivyo zamani. PATH tunayoijua ilienea na sheli ya Stephen Bourne iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979, enzi ambazo kila kugusa diski kulihisika. Bill Joy kule Berkeley, kwenye sheli yake ya csh, alichukua njia nyingine: sheli inasoma folda zote za PATH mapema na kutengeneza jedwali la majina yaliyomo. Matokeo yake yalikuwa ugonjwa wa upande wa pili. Programu mpya uliyoweka haionekani kabisa hadi uandike `rehash`. Bash, iliyoandikwa na Brian Fox kwa ajili ya mradi wa GNU na kutoka mwaka 1989, hukariri kile tu kilichopatikana na kutumika. Ukikosea jina au programu haipo, haikariri kukosekana kwake. Ukiisakinisha dakika inayofuata itaonekana mara moja. Nauona huo kuwa uamuzi wa busara, maana hali ya kuweka programu mpya kabisa ni ya kila siku, na ile ya kuweka jina lile lile kwenye folda inayotangulia ni ya nadra.

Nadra kwa wengi, si kwa wote. Wanaofuata mwongozo wa Linux From Scratch, ambao hujenga mfumo mzima kwa kukompaili kila kitu wenyewe, huambiwa mapema kabisa waandike `set +h`, inayozima ukariri huu moja kwa moja. Wao wanatengeneza vifaa vipya vyenye majina yale yale ya vifaa vya zamani saa baada ya saa, na kompaila ya zamani ikiitwa kimakosa, kazi ya siku nzima inaharibika. Na ukifungua faili la `activate` la mazingira pepe ya Python, utakuta ndani yake limeitwa `hash -r`, kwa sababu hii hii. Waliotengeneza vifaa hivyo walishaumwa na nyoka huyu.

Narudi kwenye seva, maana usiku ule haukuishia hapo. Nilipoona `apt remove` kwenye historia nilishtuka kidogo, nikamwomba afungue faili la huduma la systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za seva. Ndani yake kulikuwa na `ExecStart=/usr/bin/node` ikifuatiwa na jina la programu. Huduma ilikuwa bado inaendelea, kwa kuwa programu iliyokwisha kuwashwa haizimiki faili lake likifutwa. Lakini ingewashwa upya asubuhi ingegoma na kuandika `status=203/EXEC`. Kosa hili lingefanana sana na lile la kwanza, Node ileile, njia ileile isiyokuwepo, na mtu aliyetoka kujifunza `hash -r` angeipiga mara ishirini bila faida. Hapa hakuna kilichokaririwa na sheli yoyote. Njia imeandikwa na mkono wa mtu ndani ya faili, na itabaki hivyo hadi mkono wa mtu uibadilishe. Tuliibadilisha iwe `/usr/local/bin/node`, tukapiga `systemctl daemon-reload`, tukajaribu kwanza programu kwa `node --check` kuona kama ile `??` inasomeka. Haikulalamika. Tukaiwasha huduma upya, `active (running)`.

Nilikuwa naaga aliponiandikia, "Subiri kaka." Alikuwa na madirisha matatu ndani ya tmux, yote yamefunguliwa mchana. Alihamia la pili, akaandika `type node`, ikasema `node is /usr/local/bin/node`; dirisha hilo halikuwahi kuiita Node. Akahamia la tatu:

```
$ type node
node is hashed (/usr/bin/node)
$ hash -d node
$ type node
node is /usr/local/bin/node
```

Sikumwambia afanye hivyo.